Ni Mti Tu

"Shangazi, huu ni mti gani?"

Hatukuwa tumetembea hata dakika kumi kutoka getini. Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, alikuwa amesimama chini ya mti mrefu, shingo ameilaza nyuma, daftari mkononi. Mwalimu wao wa biolojia aliwapa kazi ya likizo: kila mmoja atafute mimea mitano ya asili ya mahali anapoishi, achore majani yake na kuandika majina. Nikaangalia shina, nikaangalia majani. Mimi nimezaliwa Arusha. Likizo za utoto wangu zilipita Nkoaranga kwa bibi, na kuni za miti kama ule nimezibeba kichwani. Nikamjibu: "Ni mti tu."

Aliandika. Niliona kalamu ikitembea kwenye karatasi: mti tu. Alikuwa mtoto mwenye adabu anayeandika anachoambiwa na mkubwa wake. Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko aibu ya kutojua, kwa kuwa nilijua yatabaki kwenye daftari lile kama urithi kutoka kwangu.

Tulikuwa Duluti. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, kama kilomita 14 hivi, unashuka Tengeru, unaliacha soko na kelele zake, unafuata njia kati ya mashamba ya kahawa na migomba, na ghafla ardhi inafunguka. Ziwa Duluti limekaa ndani ya kasoko ya volkano iliyolala, tulivu kama maji ndani ya kibuyu. Ziwa lenyewe ni takriban hekta 60. Msitu unaolizunguka ni mkanda mwembamba usiofika hekta 20, chini ya uangalizi wa Wakala wa Huduma za Misitu. Asubuhi moja inatosha kuuzunguka wote. Upande mmoja kuna mafunjo, mdiria na kenge wanaoota jua. Upande wa pili, juu ya ukingo, unasikia pikipiki na watu wakiitana mashambani. Ni msitu mdogo uliosalia katikati ya watu, na pengine kwa sababu hiyo unafaa kwa somo. Mbele yake, siku isiyo na mawingu, Mlima Meru unasimama na mita zake 4,566, nao huonekana kana kwamba umeinama kidogo kusikiliza.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kimeru anayewaongoza wageni msituni humo. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia binti kabla ya kuniuliza mimi lolote. "Wewe ni wa kwa nani?" Binti akataja jina la baba yake. Mzee akatikisa kichwa, halikumtosha. Binti akataja la babu. Mzee akafikiri, akauliza nyumba iko upande gani wa kanisa, bibi alikuwa akiuza nini sokoni, hadi uso wake ukafunguka: alikuwa amempata. Hapo ndipo akamshika mkono kama mjukuu wake na kumrudisha kwenye ule mti.

"Huyu ni msesewe," akasema.

Binti alikuwa na masikio ya darasani. "Mzee, mti uko kwenye ngeli ya U-I. Tunasema *huu*."

"Shuleni mnasema hivyo," mzee akamjibu kwa upole. "Mimi nimekua naye."

Kisha akamwambia afunge daftari. Jina alishampa, lakini jina lilikuwa la kuanzia tu. Akamfundisha kumtazama mti kama yeye alivyotazamwa punde: amesimama wapi, jirani zake ni akina nani, anapenda nini. Msesewe hupenda maji, ndiyo maana unaukuta kwenye kingo za mito na maziwa. Ushike gome lake. Uangalie majani yanavyotoka kwenye tawi: hayapishani moja moja, yanachomoza kwa pamoja kutoka kifundo kimoja, matatu hadi sita, yakazunguka kama watoto kwenye sinia. Chuna jani moja, utomvu mweupe utatoka. Onja gome kwa ncha ya ulimi, kidogo sana, uteme.

Nilionja na mimi. Uchungu ule ulinirudisha Nkoaranga kwa hatua moja. Gome hilo ndilo linalotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayonywewa kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ili ipate ukali wake. Bibi yangu alikuwa na vipande vya gome lake juu ya dari ya jiko, vimekauka na kushika rangi ya moshi. Nimevipanga kwa mikono yangu. Nimetumwa kwa jirani kuviazima. Na miaka yote hiyo sikuwahi kusimama mbele ya msesewe ulio hai nikajua kwamba ndiye mwenye gome lile. Nilimjua kwa kipande. Nilimjua akiwa amekauka darini.

Tuliendelea kutembea, na wazo hilo likatembea nami. Mbele kidogo mzee alisimama chini ya mringaringa. Majani yake ni mapana, yanakaribia umbo la duara, upande wa juu unakwaruza kiganja. Maua yake meupe ni mepesi kama karatasi ya shashi, na nyuki huyafuata kwa shauku. Wakulima wa kahawa wa Meru wameuacha usimame mashambani miaka mingi kwa kuwa kivuli chake hakiibani kahawa, na majani yake yakianguka huirutubisha ardhi. Nikakumbuka kabati la bibi. Fundi alipolileta, wazee walilisifia kwa kupapasa mlango wake na kusema, mringaringa huo. Jina nilikuwa nalo tangu utoto, kumbe lilikuwa jina la kabati.

Miti mingi tunaijua hivyo, ikiwa imekwisha kufa. Tunaijua kama mbao, kama gome, kama unga kwenye pakiti, kama gunia la mkaa lililosimama kando ya barabara. Hata lugha yetu imebeba ushahidi huo. Tunasema kazi imepigwa msasa, kijana kapigwa msasa, na ukienda dukani ukiomba msasa utapewa karatasi ya kusugulia mbao. Lakini msasa ni mti kwanza, mti wenye majani yanayokwaruza ambayo mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha kazi zao. Karatasi ilipokuja ilirithi jina, na mwenye jina akabaki porini hajulikani. Mbao za loliondo zinajulikana na mafundi, mji wa Loliondo unajulikana na kila msomaji wa magazeti. Mti wenyewe, ndugu wa mzeituni, ni wachache wanaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Na Loliondo ilitufundisha jambo jingine mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu na nchi nzima, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge. Magari yalipita hapa Arusha usiku na mchana, foleni ikawa ya kilomita nyingi, na watu walilala njiani siku kadhaa. Dawa ile ilichemshwa kutokana na mugariga, kichaka chenye miiba na matunda madogo yanayoliwa, ambacho Waswahili wengine hukiita mtandamboo na Wamaasai olamuriaki. Ni mmea unaoota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wapo waliosafiri mamia ya kilomita kuufuata wakiwa wameupita umesimama kando ya njia ya kwao. Siwahukumu, maradhi hayamwachii mtu nafasi ya kuangalia vichaka. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilikijua kikombe, na mmea ukabaki hauna sura.

Baada ya mringaringa njia inashuka karibu na maji, na hapo tuliukuta mti uliomfanya mzee avue kofia. Ulikuwa wa jamii ya mikuyu, ule unaoanza maisha yake juu ya mwingine. Ndege huacha mbegu kwenye panda ya mti, mbegu inaota huko juu, mizizi inateremka taratibu kama kamba hadi ardhini, na miaka inavyokwenda kamba zinaungana na kuwa shina, mwenyeji akiwa ndani. Kiswahili chetu cha mjini kinaiita yote mikuyu. Kimaasai, ambacho pia ndicho lugha ya Waarusha, kinaitofautisha: huyu ni oreteti, na yule wa bondeni anayezaa makuyu kwenye shina ni olng'aboli. Matunda yao huficha maua kwa ndani, na nyigu wadogo mno ndio wanaoingia kuyachavusha; mti na mdudu wake wanategemeana kiasi kwamba mmoja akitoweka, mwingine hana pa kwenda. Juu huko, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye njia ya kupandia Meru, jamaa wa mti huu ameumba tao ambalo tembo anaweza kupita chini yake.

"Huyu hatukuokota kuni zake," mzee akasema. "Hata kavu iliyoanguka."

Wamaasai na Waarusha huuheshimu oreteti kama mahali pa sala na baraka. Wakikuyu wana mugumo. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na chemchemi, na mtoto Wangari alicheza na mayai ya vyura kwenye maji yake. Baada ya kurudi kutoka masomoni Marekani, alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Baadaye, kwa macho ya mwanasayansi, alielewa kwamba mizizi ile mirefu ndiyo iliyokuwa ikiyasaidia maji kupanda na kuishika ardhi.

Katazo lile lilikuwa na hekima kubwa kuliko nilivyodhani nilipokuwa msichana. Mti usiookotwa kuni, usiochanwa mbao, huna njia ya kuujua ila ukiwa umesimama. Wazee walichagua baadhi ya mimea wakasema: hii tutaijua ikiwa hai. Ndivyo ilivyo isale pia, wanayoiheshimu Wachagga na ambayo utaiona ikisimama kwenye mipaka ya viambo: jani lake hupelekwa na mtu anayeomba msamaha, na mche wake ni alama ya mpaka ambayo mtu mwenye haya hathubutu kuing'oa. Kazi ya mmea kama huo inadumu maadamu mmea unaishi.

Pale tulipoketi kupumzika, binti alifungua daftari akauliza majina ya kisayansi, kwa kuwa mwalimu anayataka. Nilimsaidia kwa niliyoyajua: msesewe ni *Rauvolfia caffra*, mringaringa ni *Cordia africana*. Majina hayo yana kazi yake kubwa. Mgunga wa Dodoma na mgunga wa Longido huenda ikawa miti miwili tofauti, na daktari, mtafiti na mpanda miti wanahitaji kuwa na hakika wanazungumzia mmoja. Orodha kuu ya mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoratibiwa kutoka bustani ya Kew mjini London, ilichukua zaidi ya miaka 60. Ilipokamilika mwaka 2012 ilikuwa na spishi 12,104. Na hapa hapa Arusha, upande wa Ngaramtoni, ndipo ilipo hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa: matawi yaliyobanwa kwenye karatasi, kila moja na jina, tarehe na mahali lilipochumwa. Hayo nayo yamekufa, lakini yamehifadhiwa ili walio hai watambulike.

Hata hivyo majina hayo nayo huhama. Migunga ya Afrika iliitwa *Acacia* kwa miaka mingi. Mwaka 2005, katika mkutano wa wanabotania mjini Vienna, jina hilo lilipewa miti ya Australia, na mwaka 2011 mjini Melbourne uamuzi ukathibitishwa. Miti yetu ikapewa majina mapya. Mgunga wa Longido haukusikia habari hizo. Mchungaji aliyeketi chini yake aliendelea kuuita oltepesi, na ule wenye shina la manjano akaendelea kuuita olerai, jina linalosikika hata leo katika msitu wa Lerai ndani ya kasoko ya Ngorongoro. Jina la sayansi hutunzwa vitabuni. La nyumbani halina pa kutunzwa zaidi ya mdomo wa mtu anayelisema mbele ya mtoto.

Sisemi haya kwa kuichukia miti ya kigeni. Arusha bila zambarau ya jakaranda inayofunika barabara mwezi wa kumi na wa kumi na moja isingekuwa Arusha niijuayo, na jakaranda ni wa Amerika ya Kusini. Mgrevilea unaokinga kahawa ni wa Australia. Mwarobaini tunaouamini kwa magonjwa arobaini ulitoka Asia. Kahawa yenyewe, iliyosomesha nusu ya wazazi wa Meru, asili yake ni Ethiopia. Tengeru inajua kupokea. Si mbali na ziwa hili kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopelekwa Siberia kwa nguvu na kupitia Uajemi, waliletwa kuishi hapa. Waliofia hapa wana majina yao kwenye mawe, na makaburi yanafagiliwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: miti hiyo tumeipa jembe, imelima, imetufaa. Jambo linalonihuzunisha ni kwamba mgeni tunamjua kwa jina na mwenyeji tunamwita mti tu.

Kila tarehe 1 Aprili taifa hupanda miti. Picha hupigwa, miche hufukiwa, na iliyo mingi ni ile inayokua haraka. Nafikiri mabadiliko yanaweza kuanza na jambo dogo sana. Hakuna anayekwenda kwenye kitalu akaomba "mti tu" akapewa mringaringa. Atapewa kilichopo. Anayetaka mringaringa, mruka au msesewe ni lazima autaje, na mwenye kitalu akisikia jina hilo likitajwa mara kumi, mwaka ujao ataotesha. Na ili mtu aliweke jina mdomoni ni lazima kwanza awe amesimama chini ya mti, ameshika gome, amehesabu majani. Kwa hilo hatuhitaji mlima mzima. Hekta 20 zinatosha, na mzee mmoja mwenye subira.

Kabla ya kuagana, mzee alimwonyesha binti mruka, ambao mwavuli wake umetandazwa juu kama mkeka ulioanikwa. Huo ulikuwa wa nne: msesewe, mringaringa, oreteti, mruka. Akamuuliza anakaa wapi mjini. Sakina. "Una rafiki anayekaa Oloirien?" Anaye. "Mwulize kama anajua kwamba kata yake ina jina la mti." Oloirien ni mzeituni wa porini kwa Kimaasai. Nimepita Oloirien maelfu ya mara. Nimekwenda Manyara nikachimba dawa Makuyuni, nisiulize mikuyu ilikuwa wapi. Majina hayo yamebaki mahali pa miti kama yale ya kwenye mawe ya Wapolandi: yanatuambia nani alilala hapa.

Mmea wa tano hakuuandika siku ile. Alisema ataumalizia nyumbani. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa amefuta maneno yangu mawili kwa kifutio, akachora juu yake majani yaliyozunguka kifundo, manne, na chini akaandika: Msesewe. Anapenda maji.

Tulirudi kwa daladala ya Tengeru–Sakina. Jioni ilikuwa imeingia, abiria wamebanana, binti amepakata daftari dirishani. Tulipovuka katikati ya mji na kushika barabara ya Nairobi, konda akagonga bati. "Mianzini! Kuna wa Mianzini?"

Mtu mmoja akaitikia shusha, gari likasimama. Binti alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja akaangalia nje: maduka, taa, meza za matunda, bodaboda zimepangana.

"Shangazi," akasema, "mianzi wako wapi?"

Jibu la haraka lilikuwa tayari ulimini mwangu, kwamba Mianzini ni jina tu. Nililimeza. Na kosa lake la ngeli sikulisahihisha. Nilisogea karibu na kioo, nikaanza kutafuta naye.